Sale Haliletwi kwa Simu

Mwaka 1969 nilikuwa na miaka kumi, darasa la tatu. Kabla mwaka haujaisha sikuwa na darasa. Mama aliteleza mgombani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akavunjika nyonga, na baba alikuwa ameshakufa. Nyumbani walibaki wadogo zangu na ng'ombe mmoja, na wa kuwalisha wote nilikuwa mimi. Mwalimu alikuja mara moja kuuliza kwa nini sionekani shule. Akanikuta nazoa samadi, akapewa ndizi, akaondoka nazo. Hakurudi. Basi hiyo ndiyo elimu yangu yote. Kusoma najua, kuandika najua, na kwenye hesabu usinijaribu.

Nayasema haya mwanzoni ili mtu ajue anasoma maneno ya nani. Siku hizi kila anayeandika kitabu anaanza na vyeti vyake. Mimi sina hata cha ubatizo, kililiwa na mchwa.

Niliteremsha ndizi kutoka mlimani Meru kwa kichwa mpaka shingo ikawa nene kama ya dume. Nikauza maziwa. Nikanunua mbuzi Kisongo kwa wafugaji waliodhani mwanamke hajui kukagua meno, wakajuta. Nilipochukua shamba Kikwe, ndugu zangu wa mlimani walicheka sana. Walisema kule chini ni vumbi na malaria, mtu anahama mgombani kwenda kutafuta nini? Nikaweka mashine ya kusaga. Waliocheka wakawa wanateremka na magunia yao kuja kusaga kwangu, na mimi nawaambia wakae foleni.

Sasa nije kwa mjukuu wangu, maana habari yenyewe ni yake. Ni mtoto wa binti yangu anayefanya kazi ya hoteli Dodoma. Aliniachia huyu mtoto akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Akakua kwangu, akaingia sekondari ya kutwa hapa chini ya barabara, akafika kidato cha nne. Alitaka kuwa nesi. Alikuwa amelitaka jambo hilo tangu siku mpini wa jembe uliponivunjikia mguuni, akamwona nesi akinishona huku ananisimulia habari za kuku wake. Mtoto akasema, kazi ndiyo hii. Na bila kufaulu Baiolojia, unesi hakuna. Hilo alinieleza mwenyewe mara nyingi, kama vile mimi ndiye ningemfanyia mtihani.

Mwanzoni mwa mwaka wake wa mwisho tuliitwa kikao cha wazazi. Mwalimu wa Baiolojia alikuwa kijana, viatu vyake vimechongoka mbele kama mdomo wa bata mzinga. Akasimama, akatuangalia kama watu waliochelewa basi.

“Wazazi wangu, karatasi imepitwa na wakati,” akasema. “Kuanzia sasa notsi zote ziko mtandaoni. Naweka waraka mmoja, nawatumia linki kwenye grupu la wazazi, kila mtu anaufungua popote alipo.”

Nikanyoosha mkono. “Mwalimu, shule hii si inakataza simu?”

“Ndiyo, bibi. Mwanafunzi akikutwa na simu anafukuzwa.”

“Sasa hizo notsi atazisomea kwenye nini?”

“Kwenye simu ya mzazi, bibi.”

“Kwa hiyo simu ikiwa mkononi mwake ni dhambi, ikiwa mkononi mwangu ni kitabu.”

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka. Halafu akaendelea kana kwamba sijasema kitu. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa huko chuoni: mzee akiuliza la maana, cheka naye, kisha endelea.

Basi simu yangu ikawa shule. Ni simu ya kupangusa, alininunulia mwanangu baada ya kuchoka na kitochi changu kilichokuwa kinasikia kikitaka. Aliniandikisha humo majina yangu yote matatu. Kila jioni mjukuu wangu anapika huku simu imeegemea kopo la chumvi. Mwiko mkono mmoja, figo na maini mkono wa pili. Bando likiisha, elimu imeisha. Umeme ukikatika Kikwe, elimu imelala. Nikawaza, ule ubao wa shule yangu ulikuwa na nyufa, lakini haukuwahi kuzimika.

Hayo ningeyavumilia. Tatizo lilikuwa jinsi yule kijana alivyouacha waraka wake. Aliuacha wazi. Yeyote mwenye linki aliweza kuandika ndani yake na kufuta. Akasema ndiyo ushirikiano, wanafunzi wataongeza maswali yao mle mle. Akasahau kwamba wanafunzi hawana simu. Wenye simu ni sisi.

Na sisi, nitawaambia tulivyo. Kwetu huingii mahali palipo na watu ukakaa kimya kama mwizi. Unasalimu kwanza, na ukisalimiwa unajibu, na kama kuna msiba unatoa pole, ndipo unaangalia pa kuketi. Basi wazazi walipofungua ule waraka na kuona wengine nao wamo, walifanya walivyolelewa. Juu kabisa, kabla ya somo, jirani yangu mzee wa kanisa aliandika: Bwana Yesu asifiwe wazazi, tuwaombee watoto wetu. Chini yake zikashuka Amina, Amina, Amina, mpaka somo likasukumwa chini kama mtu mfupi kwenye umati. Mmoja akatoa pole ya msiba wa Moshono. Mwingine akauliza kikao cha harusi ni lini.

Jioni moja mjukuu wangu akacheka peke yake jikoni.

“Bibi, kuna mtu anauza mtamba kwenye figo.”

“Ana mimba?”

“Nani, bibi?”

“Mtamba.”

“Hajasema.”

“Basi mwulize hapo hapo. Si mmeambiwa mwulize maswali?”

Hakuuliza. Watoto wa siku hizi biashara hawana.

Kitu kingine kilichonichefua ni wanyama. Mtu aliyejiandikisha kwenye simu yake kama mimi, akiingia kwenye waraka jina lake linaonekana. Asiyejiandikisha anawekewa kapicha ka mnyama juu pale. Sasa nikifungua naona majina yangu matatu, na pembeni yangu popo, kinyonga, na fisi.

“Huyu fisi ni nani?”

“Ni mzazi tu, bibi. Hajaweka jina.”

“Kwetu mtu anayeficha jina akaja na sura ya fisi, hatumwiti mzazi.”

Mtoto akaniambia niache mambo ya kizamani. Nikaacha. Lakini yule fisi nilimweka moyoni.

Halafu sura moja ya somo ikapotea. Mjukuu wangu alifungua simu akakuta baada ya figo mwalimu amerukia mifupa. Katikati palikuwa na sura ndefu yenye michoro, yeye mwenyewe alikuwa ameisoma nusu na kuandika swali lake mwishoni kama walivyoagizwa. Haikuwepo. Akamwambia mwalimu, mwalimu akairudisha. Inaonekana vitu vya namna hiyo vinarudishika. Baada ya siku kidogo ikapotea tena, akairudisha tena. Ilipopotea mara ya tatu, mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya ule wa taifa, ulikuwa wiki inayofuata. Mwalimu akapandwa na hasira. Akachunguza kumbukumbu za waraka wake kuona nani wamegusa sura ile. Akakuta majina yangu matatu, kwa sababu ya lile swali. Wengine wote walikuwa wanyama.

Akasimama mbele ya darasa akamwambia mjukuu wangu kwamba ndiye anayefuta notsi ili wenzake wafeli. Kwa akili hiyo. Kwamba mwizi akaingia dukani, akaacha kitambulisho chake kaunta, ndipo akaiba. Mtoto akakana. Akaambiwa aende nyumbani, asirudi bila mzazi, na asipokiri moko hafanyi, na mkuu wa shule ataamua kama hata ule wa taifa anastahili.

Alinikuta mashineni mchana, begi mgongoni, macho mekundu.

“Bibi, sikufuta.”

“Najua.”

“Unajuaje?”

“Ungekuwa unajua kufuta, ungeanza na zile Amina.”

Akacheka huku analia. Nikazima mashine. Wenye magunia wakanung'unika, nikawaambia wakanung'unikie nje.

Kikao kikaitwa Ijumaa, wazazi wote wa kidato cha nne. Nilivaa kitenge cha Pasaka. Sikwenda kuomba, na mtu ambaye haombi avae vizuri. Mjukuu wangu nilimketisha kando yangu, mbele, pale wanapokaa wageni. Hakuna aliyethubutu kutuinua.

Mwalimu akaanza na Kiingereza kidogo, akarudi kwenye Kiswahili alipoona sura zetu. “Wazazi, kuna mtu anahujumu masomo. Sura moja inafutwa kila nikiirudisha. Na jina nililonalo kwenye mfumo ni moja tu.” Akatutazama. Wote wakatutazama.

Nikasimama. “Mwalimu, sura yenyewe ni ya nini?”

Akaangalia viatu vyake vya bata mzinga. “Ni ya... ni mada ya uzazi, bibi.”

“Sema kwa nguvu, walio nyuma hawasikii.”

“Uzazi.”

Minong'ono ikapita, kina mama wakaziba midomo kwa khanga. Nikawageukia. “Mnacheka nini? Mimi nimezaa sita, hakuna aliyekuja kwa kunong'ona.”

Hapo ndipo jirani yangu aliposimama, mzee wa kanisa. Binti yake anasoma darasa moja na mjukuu wangu. Ni mtu mzima mwenye heshima zake, ingawa mimi nimemwona utotoni akikimbia mgombani bila suruali. Akashika koti lake kifuani.

“Bwana asifiwe.”

“Amina.”

“Mwalimu, mimi sitaki kuingilia kazi yako. Lakini kama hiyo sura imeondoka, mimi namshukuru Mungu. Zile picha, mwalimu! Simu yangu ndiyo yenye nyimbo za kwaya. Ndiyo yenye namba ya mchungaji. Ninyi mnaniwekea humo viungo vya watu? Ndiyo nimpe binti yangu aangalie? Mimi siku ile ile nilifuta. Kesho kutwa zikarudi. Nikafuta. Zikarudi tena! Nikamkemea shetani, nikafuta.”

Watu wakaitikia Amina. Mwalimu alikuwa amekaa chini bila kujua kwamba amekaa.

“Mzee,” akasema, sauti imekuwa ndogo, “ulifuta wapi?”

“Kwenye simu yangu.”

“Kwenye waraka?”

“Kwenye simu yangu, mwalimu. Kwani nimegusa ya mtu?”

“Mzee, waraka ni mmoja. Ukifuta kwako, umefuta kwa watu wote.”

“Mmoja vipi, wakati kila mtu ana simu yake?”

Na lilikuwa swali halali. Niseme ukweli, nami sikujua. Nilidhani kila mmoja ametumiwa notsi zake, kama barua ya mwaliko. Lakini mimi kitu nisichokijua sikigusi, ndiyo maana nina mali. Yule kijana alisimama mbele yetu mwanzo wa mwaka akatuhubiria wakati uliopita na wakati ujao, asipate nafasi ya kutuambia hilo moja. Alidhani tunajua. Msomi akidhani jambo, masikini wanaadhibiwa.

Mzee wa kanisa alikuwa bado anageuza simu yake huku na huku, anatafuta mahali ilipotobokea. Nikamwambia, “Ni mfereji, baba. Maji ni yale yale. Ukiziba kwako juu, sisi wa chini tunakauka.”

Mtu wa Meru humwelezi mfereji mara mbili. Nilimwona anaelewa, usoni, kama mtu aliyegundua amekaa juu ya kofia ya mwenzake. Mfereji ukizibwa kwetu, wazee wanakutana. Yeye mwenyewe amewahi kuwatoza watu pombe kwa kosa hilo kabla hajaokoka.

“Basi mimi ndiye fisi,” akasema taratibu. Alikuwa ameshaonyeshwa na binti yake kale kapicha.

“Ndiwe,” nikasema. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo.

Mwalimu akasimama, akajikohoza. “Sawa. Basi jambo limeeleweka. Mwanafunzi arudi darasani Jumatatu.” Alilisema kama anatoa zawadi ya Krismasi.

“Hapana,” nikamwambia. “Ulimwita mharibifu mbele ya darasa. Utamsafisha mbele ya darasa, kabla ya mtihani, siyo baada. Na hiyo sura nataka ije kwangu kesho, kwenye ile karatasi iliyopitwa na wakati. Watoto wameikosa mara tatu, wote waje waisome.”

“Bibi, printa ya shule...”

“Mwalimu, nimekuuliza habari za printa?”

Kesho yake, Jumamosi, alikuja mwenyewe na karatasi mkononi, viatu vimejaa vumbi la Kikwe. Watoto wakakaa kwenye kibaraza cha mashine yangu wanaandika, na binti wa mzee wa kanisa alikuwepo, michoro yote akachora vizuri kuliko wenzake. Mwalimu akawasomea. Alipofika zile sehemu, alizitaja bila kunong'ona. Nilisimama mlangoni kuhakikisha. Na kwa kuwa darasa lilikuwepo pale pale, nikamkoholea. Akafunga karatasi, akamwambia mjukuu wangu mbele ya wote, “Nilikukosea. Hukufuta wewe.” Neno lenyewe halikuwa refu lakini lilikuwa zima. Waraka wake pia akaufunga, akabaki yeye tu wa kuandika. Kumbe uliwezekana kufungwa tangu mwanzo.

Jioni ile simu ikalia. Mzee wa kanisa alikuwa amenitumia picha ya jani la kijani, chini yake ameandika: Samahani mama.

Kwa asiye wa huku, nieleze. Tuna mmea unaitwa sale, majani yake marefu kama mapanga. Tunaupanda mipakani, na ukimkosea mtu unamkatia jani unampelekea. Ukipeleka sale hukataliwi, hata kama umechoma nyumba. Kwa sababu hiyo linaletwa kwa mkono. Linakugharimu kutembea, watu wakuone umelishika, wajue unakokwenda. Huyu bwana alitaka msamaha usiokataliwa, lakini bila kuvaa viatu.

Nikaandika kwa kidole kimoja: Picha nimeiona. Umevunjika mguu?

Jumapili baada ya ibada alikuja, na koti lake la kanisani. Alikuwa ameling'oa sale zima na shina lake. Njia nzima wamemwona, maana aliingia kwangu na msururu wa wanaojifanya wanapita. Akaninyooshea.

“Siyo mimi,” nikasema. “Yuko jikoni.”

“Mama, mimi mtu mzima, nimpe mtoto sale?”

“Nani alifukuzwa shule, mimi?”

Akalihamishia sale mkono wa pili. Kwetu sale linakwenda kwa mkubwa, au mkubwa kwa mwenzake, halishuki. Nililijua hilo vizuri kuliko yeye. Nikaendelea kupepeta maharage. Mwisho akaingia jikoni kwa kuinama, mlango wangu wa jikoni ni mfupi.

“Shikamoo, baba,” nikamsikia mtoto.

“Marahaba, mwanangu. Shika.”



“Nimepokea, baba.”

“Hivi hizo picha... somo lenyewe ni lazima?”

“Ni lazima, baba. Nesi asipojua hiyo, mama anakufa kitandani.”

“Basi soma,” akasema. “Soma na mwenzako.” Akatoka, akanywa chai yangu, akaomba sukari zaidi. Aibu haikumwondolea hamu.

Moko mjukuu wangu aliufanya. Wa taifa aliufanya. Baiolojia alifaulu, na sasa yuko chuo cha unesi. Huko nako wanawatumia notsi kwenye simu. Ananipigia kunieleza kana kwamba ni habari njema, nami namwuliza kitu kimoja tu: wa kufuta ni nani?

Leo nina shamba la migomba na kahawa mlimani, lile lile alilovunjikia mama nyonga. Nina shamba la mahindi na maharage Kikwe. Nina mashine ya kusaga. Nina nyumba ya matofali na tanki la maji. Nina vyumba vya kupangisha Moshono. Nina ng'ombe wa maziwa watano, mmoja ni yule mtamba wa kwenye figo, nilimnunua, alikuwa na mimba. Nina simu ya kupangusa yenye ufa. Mjukuu simhesabu, huyo si mali. Na nina sale moja, nimelipanda mpakani kati yangu na mzee wa kanisa. Limeshika.